Kutengewa au Kutengwa: Mwenye Kisukari Mbele ya Sinia

Shangazi yangu wa Wete alirudi kutoka kliniki na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na safu mbili. Safu ya USILE ilijaa hadi chini ya ukurasa: wali, boflo (mkate wa ngano), muhogo, mbatata, ndizi mbivu, tende, embe, halua, chapati, maandazi. Safu ya KULA ilikuwa na mboga za majani, ugali wa dona, samaki wa kuchemsha na "matunda kiasi". Akakisoma, akakikunja tena, akaniuliza: "Mwanangu, hivi mimi nimekatazwa chakula au nimekatazwa kuwa Mpemba?"

Wiki tatu alikifuata kama sheria. Wiki ya nne akaanza kula kwa kujificha, jikoni, wenzake wakishalala. Sukari ikabaki palepale, moyo ukashuka.

Vikaratasi vya namna ile vimo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na kwa maoni yangu vina makosa mawili. La kwanza, vinachanganya chakula na kiasi cha chakula. La pili, vinamfundisha mtu mmoja jambo linaloamuliwa na watu sita au saba walao pamoja, tena mara nyingi huamuliwa na yule aliyeshika mwiko.

Shehena gatini

Wanga wote tunaokula, uwe wa wali, wa muhogo, wa boflo au wa dona, mwisho wake ni mmoja: huvunjwavunjwa kuwa glukosi, na glukosi ikaingia katika damu. Fikiria bandari ya Malindi, Unguja, siku meli ya mchele imefunga gati. Magunia yanashushwa, wanatakiwa mahamali wayachukue hadi maghalani. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ndiyo hamali. Maghala ni misuli, ini na mafuta ya mwili. Katika kisukari aina ya 1 mahamali wamekwisha au wamebaki wachache mno, kwa sababu kinga ya mwili yenyewe imeziua seli zinazotengeneza insulini, na mtu huyo hana budi kuchoma sindano. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya wengi, mahamali wapo ila milango ya maghala imeshika kutu. Inafunguka kwa tabu, na miaka ikienda mahamali nao huchoka. Magunia yanarundikana gatini. Rundo hilo ndilo linalosomwa na mashine unapochomwa kidole.

Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha maabara cha 7.0 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hivyo, huhesabiwa kuwa kisukari. Namba hizo ni za mmol/L, yaani milimoli za glukosi katika lita moja. Ukiona mashine ya jirani inasoma 126 au 180 usishtuke. Inatumia kipimo kingine (mg/dL), gawanya kwa 18.

Sasa maswali ya maana yanabaki mawili: meli imeleta magunia mangapi, na yanashushwa kwa kasi gani? Kikombe kimoja cha wali uliopikwa, takriban ngumi ya mtu mzima, kina gramu 45 hivi za wanga. Muhogo, kipande cha gramu 100 tu, una karibu gramu 38. Mbatata za kuchemsha za uzito huohuo zina kama 20. Basi yule aliyeacha wali akahamia kwenye muhogo au bada (ugali wa muhogo) kwa kuwa "ni chakula cha asili" amebadilisha jahazi, mzigo ni uleule. Dona nayo ina sifa yake ya haki: pumba zake ni nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya kushusha. Lakini mlima wa ugali wa dona ni mlima wa wanga. Nimewaona watu wakiugawa kama vile umeandikiwa na daktari.

Kasi hubadilishwa na vitu vinavyofuatana na wanga. Kunde, choroko, mbaazi na dengu zina wanga pia, ila umefungwa pamoja na nyuzinyuzi na protini, hivyo hutoka taratibu. Ndiyo maana mseto wa choroko ni mlo mzuri kuliko mchele mtupu wa ujazo huo, na wazee wetu walikuwa nao kabla ya kliniki yoyote kuufundisha. Mkate wa mofa wa mtama vilevile hauendi mbio kama boflo. Tui la nazi halipandishi sukari kwa kiasi cha kutisha, bali lina mafuta mazito, na mwenye kisukari ana moyo na mishipa ya kuichunga. Tui jepesi linatosha. Nyanya zetu walikuwa na tui la kwanza na tui la pili, wakijua lipi la kazi gani.

Vinywaji ndivyo vinavyofika bila kugonga mlango. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai tisa hivi. Glasi ya juisi ya miwa pale Forodhani, hata ikikamuliwa na tangawizi na ndimu, ina gramu 30 na zaidi. Maji ya dafu yana chini ya nusu ya sukari ya soda ya ujazo huo, kwa hiyo si adui, lakini yana potasiamu nyingi, na mwenye figo zilizoanza kudhoofika aulize kwanza. Chungwa zima hutafunwa pamoja na nyama yake; machungwa manne yaliyokamuliwa hunywewa kwa pumzi mbili, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio.

Kupanda na kushuka

Barazani utasikia mtu anasema, "Mimi yangu ya kushuka, si ya kupanda," kana kwamba ni magonjwa mawili na kila mtu alipewa lake. Ugonjwa ni mmoja, na tabia yake ni kupanda. Kushuka, kwa kawaida, huletwa na dawa isiyokwenda sambamba na chakula: mtu amechoma insulini, au amemeza vidonge vya jamii ya glibenklamidi, kisha akachelewa kula, au akashinda shambani akichuma karafuu bila kuongeza kitu tumboni. Metformini, kidonge cha kawaida cha aina ya 2, peke yake ni nadra kumfikisha mtu huko.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu anayejiita "wa kushuka" hutembea na pipi mfukoni na kunywa soda kila anapojisikia vibaya, bila kupima, na huenda siku hiyo sukari yake imepanda hadi 18. Na kwa upande wa pili, aliyeambiwa sukari ni sumu huogopa kuigusa hata anapotetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio na maneno yanampotea. Hapo sukari ni dawa. Kipimo kikiwa chini ya 4, anywe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, angoje dakika 15, apime tena. Ikiwa bado, arudie. Ikishapanda ale kitu cha kukaa tumboni. Akiwa amepoteza fahamu asitiliwe chochote mdomoni, akimbizwe spitali. Kikaratasi cha USILE hakina pa kuliandika hili.

Sinia

Njia inayofundishwa duniani kote ni ya sahani: nusu yake mboga, robo kitoweo, robo wanga. Ni njia nzuri, isipokuwa inamdhania mtu mwenye sahani yake, na uma, na meza. Kwetu ni jamvi, sinia na mkono. Wali umemwagwa, mchuzi umepitishwa juu, samaki yuko katikati, kila mtu anakula upande wake na anayemega kitoweo humsogezea mwenzake. Robo ya nini utaipima hapo? Nani amehesabu matonge?

Nyumba nyingi huchukua njia ya mkato: mgonjwa anatengewa sahani yake. Lugha yetu ina ujanja hapa. Kutenga chakula ni kukiandaa kwa heshima, na kutenga mtu ni kumtoa katika wenzake. Herufi ni zilezile. Shangazi alipowekewa kisahani chake cha dona na mchicha pembeni ya sinia la pilau, siku ya Ijumaa, mbele ya wakwe, waliomwandalia walikuwa wanamtengea. Yeye aliona ametengwa. Usiku akaifuata ile pilau jikoni.

Watafiti wamekwisha kulipima jambo hili, ingawa si kwa masinia. Nchini Uingereza Clare Bradley alitunga dodoso linalomuuliza mwenye kisukari maisha yake yangekuwaje lau hana ugonjwa huu: kazi, safari, familia, unyumba, chakula. Katika nchi nyingi lilikotumiwa, eneo ambalo watu husema limeharibiwa zaidi ni uhuru wa kula. Unaweza kudhani watu wangetaja sindano, au hofu ya macho na miguu. Wanataja chakula. Dodoso jingine, lililochapishwa Marekani mwaka 1995 na William Polonsky na wenzake, lina maswali 20 ya kupima dhiki inayoletwa na kisukari. Kila jibu hupewa 0 hadi 4, jumla huzidishwa kwa 1.25 ili itimie 100, na anayefika 40 huhesabiwa kuwa mzigo umemwelemea. Miongoni mwa maswali hayo: je, unajihisi umenyimwa chakula? Unawaza chakula kila wakati? Unaudhika watu wanapokuambia ule nini? Hilo la mwisho, kwa ukoo wa Kipemba wenye mashangazi na makhaloo wanane, lingestahili dodoso lake peke yake.

Je, elimu inaweza kuurudisha uhuru huo bila kuharibu vipimo? Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana kwa watu wa aina ya 1. Huko Düsseldorf, Ujerumani, walianza kuwafundisha wagonjwa kuhesabu wanga wa kila mlo na kulinganisha insulini na chakula, badala ya kulazimisha chakula kiifuate insulini. Waingereza wakaichukua njia hiyo, wakaijaribu kwa watu wazima 169 katika mafunzo ya siku tano, na wakatoa matokeo mwaka 2002. Baada ya miezi sita, HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilikuwa asilimia 8.4 kwa waliofundishwa na 9.4 kwa waliokuwa wakingoja zamu. Na walioruhusiwa kula watakacho ndio waliokuwa na sukari nzuri zaidi, pamoja na kuridhika zaidi na maisha yao ya kula.

Nitahadharishe hapo hapo: wale walikuwa na insulini ya kurekebisha. Mwenye aina ya 2 anayemeza metformini hawezi kuongeza kidonge ili ale halua. Lakini funzo la msingi halihitaji sindano. Aliyejua namba zake alipewa nafasi ya kuchagua, na hakuitumia vibaya.

Turudi kwenye sinia, na namba mkononi. Familia ya shangazi ilijaribu mambo kadhaa. Mengine yalishindikana (ugali wa dona kwa wote, kwa mfano, ulidumu siku mbili, watoto wakaandamana). Lililodumu ni kibakuli. Ni kibakuli cha udongo kinachojaa kikombe kimoja cha wali. Kabla ya bismillahi mjukuu anakijaza kwenye chungu, anakipindua kwenye sinia upande wa bibi yake, na pembeni anamwekea mchicha au bamia na kachumbari nyingi ya tungule. Anakula na wenzake, mkono mmoja na wao, ila mpaka wake anaujua. Mgeni hatambui kitu. Ametengewa ndani ya sinia.

La pili ni mpangilio. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa watu 11 wenye kisukari aina ya 2 mlo uleule kwa mipangilio miwili: siku moja wanga kwanza, siku nyingine mboga na nyama kwanza na wanga baadaye. Saa moja baada ya kula, sukari ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi pale wanga ulipokuja mwisho. Watu 11 ni wachache, wala sitaki kumfanya mtu aamini ni muujiza. Lakini kuanza na kachumbari na samaki hakugharimu kitu, na shangazi anasema kuna faida ya pili: akifika kwenye wali njaa imekwisha pungua ukali.

Urojo nao una hesabu yake, maana kila mgonjwa wa Unguja huuliza. Lile rojo lenyewe limeshikwa na unga wa ngano. Ndani yake mna mbatata, halafu kachori ambayo ni mbatata tena, juu yake muhogo wa kukaanga. Hapo wanga umeingia kwa milango minne, na ukali wa embe bichi au ndimu unauficha. Bajia za dengu, yai na mishikaki ndivyo vyenye nafuu. Kwa hiyo si lazima mtu apite njia nyingine ili asiione meza ya urojo. Amwambie muuzaji: rojo nusu bakuli, mbatata moja, kachori usinitilie, niongezee mishikaki miwili na yai. Wauzaji wa Forodhani wamesikia maagizo ya ajabu kuliko hayo.

Mfungo

Ramadhani inataka maneno yake. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na bado wenye kisukari wengi hufunga, kwa sababu kufunga ni zaidi ya kutokula. Utafiti mmoja uliofanyika katika nchi 13 na kujulikana kwa jina la EPIDIAR uliona kuwa kushuka kwa sukari kwa kiwango cha kumlaza mtu spitali kuliongezeka mwezi wa Ramadhani mara 4.7 kwa aina ya 1 na mara 7.5 kwa aina ya 2. Basi safari ya daktari ifanywe wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe upya, na wengine waambiwe waziwazi wasifunge. Anayefunga afungue papo hapo kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, hata kama zimebaki dakika kumi adhana isomwe. Kuchoma kidole kupima hakubatilishi funga kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ukiwa na shaka, mwulize shehe wako kabla ya mwezi, si saa kumi jioni ukiwa unatetemeka.

Jioni yenyewe ndiyo mtihani. Futari yetu ni mkutano wa wanga: muhogo wa nazi, ndizi, majimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, na uji wa kusindikiza. Tende ndogo moja ina gramu 5 hivi za sukari, zile kubwa laini za kutoka nje zinafika 16. Mbili za kwanza ni sunna isiyo na tatizo, nane za zile kubwa ni habari nyingine. Mwenye kisukari achague kimoja katika vile vya wanga, si kimoja kimoja cha kila aina, na mbaazi au samaki viwe pembeni. Daku lisogezwe karibu na alfajiri, liwe na kunde, mayai, mboga. Kulala bila daku ukiwa na dawa mwilini ni kutafuta ile namba ya chini.

Asali, mdalasini, habasoda, mlonge: sina ugomvi navyo, na asali ina heshima yake katika dini. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za wanga, na mashine haijui imetoka kwa nyuki. Mdalasini umejaribiwa mara nyingi na matokeo hayaafikiani. Utie kwenye chai, usiuweke mahali pa kidonge.

Kilichombadilisha shangazi zaidi kuliko yote ni vijiti vya kupimia. Ni ghali, kwa hiyo havitumiki ovyo: viwili kwa chakula kimoja, kimoja kabla ya kula na kingine saa mbili baadaye, mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza alipima chai yake ya asubuhi, ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari, na boflo zima. Sukari ilikaribia kuwa mara mbili. Ijumaa akapima pilau, kibakuli kimoja, kachumbari kwanza. Ilipanda kidogo tu. Alinipigia simu usiku ule. Miezi yote alikuwa akiililia pilau, kumbe mwenye kosa alikuwa boflo, ambalo hakuna aliyemsema nalo kwa kuwa "ni chai tu".

Kikaratasi cha kliniki bado anacho. Amekigeuza, na upande ule mweupe mjukuu anamwandikia majina na namba mbili mbili: boflo, pilau, bada, mseto, muhogo wa nazi. Halua imeandikwa jina tu. Anasema ataipima Sikukuu.